Nilishona pazia la magunia, jina likaandikwa la mwingine: kazi ni ya nani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, nafanyia kazi jirani na soko la Mbuyuni. Mwaka jana msanii mmoja wa Arusha aliniletea magunia ya kahawa yaliyochakaa, akataka niyaunganishe yawe kitu kimoja kama pazia kubwa. Alinipa mchoro kwenye karatasi ya daftari, mengine akasema "utaona mwenyewe". Nilimaliza, akanilipa tulichopatana. Juzi nikapanda basi kwenda Arusha kuona maonyesho yake. Sakafuni kuna kandambili zimepangwa, kuna sufuria zilizotoboka, kuna madumu, na katikati ya ukumbi limening'inizwa pazia nililoshona mimi. Watu wanalipiga picha. Ukutani kuna jina lake na jina la kazi, langu halipo. Mume wangu anasema ulilipwa, nyamaza. Dada yangu anasema nimeibiwa. Je, ile kazi ni ya nani? Nilistahili kuandikwa? Na ikiuzwa, nina changu? Nauliza kwa sababu sasa anataka nimshonee nyingine.

JIBU: Marahaba dada. Mumeo amekosea kuhusu jina, na dada yako amekosea kuhusu fedha. Nitaeleza kwa nini, lakini nakuomba uvumilivu, maana swali lako limewahi kufikishwa hadi mahakamani huko Ulaya, na majibu yaliyotoka hayakufanana.

Nashukuru ulinitumia picha za kazi ikiwa bado kwenye kibanda chako, pamoja na ule ujumbe wa sauti ulioeleza ulivyoshona. Bila hizo ningekujibu kwa kubahatisha. Wengi waliofika pale ukumbini hawajui gunia la juti lililotumika lina tabia gani. Ukilikata tu, ukingo unaanza kufumuka, na ukilivuta unabaki na nyuzi mkononi. Wewe ulikunja pindo mara mbili, ukapitisha mshono wa jinzi, na pale cherehani iliposhindwa kupenya tabaka nne ukashika shazia na uzi wa katani ukamalizia kwa mkono. Juu kabisa ukaingiza mkanda wa begi kwa urefu wote, kwa kuwa ulijua uzito wa pazia zima utavuta sehemu ile. Kwenye karatasi ya daftari mkanda huo haumo, nimetazama vizuri. Usingeuweka, lile pazia lingechanika kabla wageni hawajaanza kuingia.

Halafu kuna jambo la maandishi. Yeye alitaka chapa za magunia, zile herufi za daraja la kahawa, AA na PB, zitazame mbele. Wewe ukakuta upande wenye chapa ndio uliochakaa zaidi, ukayageuza karibu nusu ili upande mzima ukae mbele. Unasema alipofika alikasirika, akazunguka nyuma, akakaa kimya kidogo, kisha akasema acha hivyo hivyo, ni nzuri zaidi. Leo mtu akisimama mbele ya pazia anaona herufi zimekatika, nyingine zinasomeka kinyume kwa kupenya upande wa pili, na mwanga wa dirishani unazifanya zionekane na kupotea. Magazeti yakiisifu kazi ile yatasifu hilo. Litunze kichwani, nitalirudia.

Sasa tuanze na haki ya msanii, maana anayo. Katika kazi za namna hii, za vitu vilivyopangwa ukumbini, ambazo wenyewe huziita instolesheni, aliyeshika sindano si lazima awe ndiye mtunzi. Mwaka 1917 Marcel Duchamp, Mfaransa aliyekuwa akiishi New York, alichukua choo cha kukojolea cha kiwandani, akakilaza chali, akakisaini "R. Mutt", akakipeleka kwenye maonyesho yaliyoahidi kumpokea kila msanii aliyelipa ada. Waandaaji wakakataa kukionyesha. Chenyewe kilipotea, tumebaki na picha ya Alfred Stieglitz. Duchamp hakufinyanga chochote. Alichagua, akageuza, akakiweka pahali ambapo watu hawakutarajia kukiona. Jambo linalonifurahisha kila nikilisimulia ni kwamba vile vilivyoko kwenye makumbusho leo vingi ni nakala za mwaka 1964, na hizo zilifinyangwa kwa mkono na mafundi walioifuata ile picha. Choo kilichosifika kwa kutotengenezwa na msanii kikaishia kutengenezwa na mafundi, ambao wachache wanawajua kwa jina.

Wewe uko Moshi, kwa hiyo jambo hili si geni kwako kama linavyosikika. Umeyaona masale, ule mmea wa heshima wa Wachagga, yaliyopandwa mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo, na unajua jani hilohilo likifungwa fundo na kupelekwa kwa mtu uliyemkosea linaomba msamaha. Jani halina aliyelitengeneza. Aliyelifunga na kulipeleka ndiye aliyesema. Msanii wako naye amezikusanya kandambili, sufuria, madumu na magunia kutoka pande tofauti, akaamua viingie ukumbi mmoja kwa mpango huo, pazia likate njia ili mtu alazimike kulizunguka. Uamuzi huo ni wake peke yake. Hata ungeshona magunia elfu, maonyesho kwa ujumla wake yangebaki kuwa yake.

Na si yeye wa kwanza kutegemea mikono ya wengine. El Anatsui, Mghana aliyezaliwa 1944 na kufundisha miaka mingi chuo kikuu cha Nsukka, Nigeria, anafahamika duniani kwa mapazia makubwa ya vifuniko vya chupa za pombe. Vifuniko hubondwa vikawa bapa, hukunjwa, kisha huunganishwa kwa waya wa shaba. Kazi hiyo hufanywa na vijana wengi katika karakana yake, wanaoshona vipande vidogo vidogo. Yeye huvitandaza sakafuni, huvihamisha, huamua kipi kikae wapi. Anafika mahali pa kuwaachia hata watu wa makumbusho waamue mikunjo ianguke vipi wakati wa kutundika. Mwaka 2015 alipewa Simba wa Dhahabu, tuzo ya maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, kwa kazi za maisha yake yote, na vipande vyake vimeuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni moja kimoja. Jina kwenye kibao cha ukutani ni moja.

Aliye karibu zaidi na habari yako ni Ibrahim Mahama, wa Tamale, Ghana, aliyezaliwa 1987. Yeye hutumia magunia ya juti kama uliyoyashika wewe. Magunia hayo hutoka Asia, hupakiwa kakao Ghana, yakichoka hupakiwa mkaa. Mahama huwapa wafanyabiashara magunia mapya nao humpa makuukuu, kisha hukusanya watu, wengi wao wakiwa wahamiaji waliokuja mjini kutafuta vibarua, wakayashona pamoja mpaka yakatosha kufunika jengo. Mwaka 2015, Venice, yalifunika kuta za njia ndefu ya nje ya Arsenale, moja ya kumbi za maonyesho hayo. Pamoja na magunia, Mahama amepiga na kuonyesha picha za mikono ya wafanyakazi hao, mikono iliyochanjwa majina ya ndugu na ya kwao, ili mtu akipatwa na jambo ugenini ajulikane ametoka wapi. Fedha za mauzo amezitumia kujenga vituo vya sanaa kwao Tamale, cha kwanza kikafunguliwa 2019, na watoto wa shule huingia humo. Unaweza kubishana naye kama hilo linatosha. Ila huwezi kusema aliwaficha walioshona.

Sasa mahakama. Mchoraji Renoir, Mfaransa, alipozeeka, vidole vilikuwa vimepinda kwa ugonjwa wa baridi yabisi, asiweze kufinyanga. Kati ya 1913 na 1918 sanamu zake zilitengenezwa na kijana aliyeitwa Richard Guino. Zikauzwa kwa jina la Renoir. Guino alikuja kushtaki miaka ya 1960, na mwaka 1973 mahakama ya juu ya Ufaransa ikathibitisha kwamba alikuwa mtunzi mwenza. Sababu ndiyo inayokuhusu wewe: ilionekana kwamba Guino hakuwa akifuata amri tu, alikuwa na uhuru wa kuamua, na nyingine alizifanya Renoir mwenyewe hayupo.

Kesi ya pili ni ya juzijuzi. Daniel Druet alimtengenezea Maurizio Cattelan, msanii wa Italia, sanamu za nta zilizokuja kuwa maarufu mno, akataka atambuliwe kuwa ndiye mtunzi. Mwaka 2022 mahakama ya Paris ikayakataa madai yake. Kwanza alikuwa amewashtaki wenye jumba la kuuzia sanaa na makumbusho badala ya kumshtaki Cattelan mwenyewe, kosa la kiutaratibu. Lakini mahakama iligusia pia kwamba maelekezo ya namna sanamu zikae ukumbini, zielekee wapi, zimfanye mtazamaji ahisi nini, yalitoka kwa Cattelan peke yake.

Ukiziweka kesi hizo mbili pamoja, utaona swali la maana si nani alishona. Ni nani aliamua. Basi jiulize ni maamuzi gani yalikuwa yako. Kuunganisha magunia kwa mshono wa jinzi ni ufundi, na ufundi hulipwa. Mkanda wa begi nao ni ufundi, wa hali ya juu, lakini mtazamaji hauoni na maana ya kazi haibadiliki. Kugeuza magunia ni jambo jingine kabisa. Hapo uligusa sura ya kazi, ukaibadilisha, na yeye akaipokea akijua ni yako. Ndiyo maana nasema dada yako hakosei kila kitu.

Je, hiyo inatosha kukufanya mtunzi mwenza kisheria? Mimi si wakili, nimekuwa mtu wa kupanga maonyesho na kufundisha, kwa hiyo chukua haya kama maoni ya mtu wa kazi hii. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inatambua kazi iliyotungwa na zaidi ya mtu mmoja. Pia inatenganisha haki za kiuchumi, yaani za kunufaika, na zile za kimaadili, ambazo kubwa yake ni mtunzi kutambuliwa kwa jina. Wazo tupu haililindi. Inalinda wazo lililokwisha kupewa umbo. Kwa hilo una hoja kuhusu pazia, si kuhusu maonyesho yote. Ila yeye naye ana hoja: alileta magunia, alileta mchoro, alikuwa na neno la mwisho, angeweza kusema yageuze tena nawe ungeyageuza. Ukiniuliza ningeweka dau wapi, ningeliweka kwake. Ukitaka uhakika, COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ndiko kwa kuuliza, na uende na picha zako na zile jumbe za simu, maana tarehe zimo ndani yake.

Kuhusu fedha, basi, nitakuwa mkweli: mlipatana bei, ukalipwa, hamkupatana chochote kuhusu mauzo. Ikiuzwa kesho, sioni utakalodai. Akikupa kitu ni uungwana wake.

Jina ni habari nyingine, na hapo siko upande wa mumeo hata kidogo. Kuandikwa hakumpunguzii msanii kitu. Judy Chicago, Mmarekani, mwaka 1979 alionyesha meza ya pembe tatu yenye sehemu 39 za kulia chakula, kila moja ikiwa na sahani na kitambaa kilichotariziwa kwa heshima ya mwanamke mmoja wa historia. Watu mamia walijitolea kuisaidia kazi hiyo kwa miaka. Kazi inajulikana kuwa ya Judy Chicago, wala hakuna anayebishana, lakini inakwenda na mabango yenye majina ya waliofinyanga na kutarizi naye. Leo iko Brooklyn, na ukitaka kujua nani alifanya nini, pa kutazama papo.

Kwetu tumezoea kinyume chake. Geuza kanga uone ukingoni palipochapwa "K.H.E. – Mali ya Abdulla": hiyo ni alama ya mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak. Aliyechora mji, yaani sehemu ya katikati, na pindo hayumo, wala aliyetunga maneno. Picha za Tingatinga ni hivyo hivyo. Edward Saidi Tingatinga alianza Dar es Salaam mwaka 1968 kwa vitu vya dukani tu, hadibodi na rangi ya kupakia baiskeli, akafariki 1972. Jamaa na wanafunzi wake waliendelea, wakaunda ushirika, na mtalii anayenunua picha leo pale Arusha anasema amenunua Tingatinga, wakati kwenye kona kuna sahihi ya mtu aliye hai ambaye hakumwangalia hata usoni. Sisemi kuna aliyekusudia ubaya. Nasema tumezoea, na wewe una haki ya kutozoea.

Kwa hiyo mwombe. Usianze kwa lawama, wala usimtumie mtu. Hata watu wa ukumbi usiwape malalamiko kabla hajasikia kutoka kwako, maana akiyasikia kwa wengine atajitetea tu. Kwa uzoefu wangu wasanii wengi hawaandiki mafundi kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaomba. Mwandikie hivi, au kwa maneno yako: "Kaka, hongera kwa maonyesho. Nimefika na nimeona kazi ilivyopendeza. Nina ombi. Kwenye kibao cha pazia naomba uongeze mstari mmoja chini ya jina lako: Ushonaji na uunganishaji, kisha jina langu kamili, Moshi. Na kwenye kijitabu na mtandaoni vilevile. Nitashukuru sana." Usiombe neno "mtunzi mwenza" kwenye ujumbe huo, atashtuka na mazungumzo yataishia hapo. Kibao ni karatasi tu iliyobandikwa ukutani, kukichapa upya hakuzidi nusu saa. Akikataa kabisa, naye ndiye anayetaka umshonee nyingine, basi umeshajua unafanya kazi na nani, na bei yako ipande.

Kazi hii ya pili ndiyo nafasi yako, tena kubwa kuliko ya kwanza, kwa kuwa bado hujakata uzi. Andikeni ukurasa mmoja kwa Kiswahili, msaini wote wawili na shahidi. Jina lako litaandikwaje, liwe la kwanza kabisa, kabla ya bei. Kisha bei yenyewe. Na usikubali kulipwa kwa gunia moja moja kama unavyolipwa kupunguza suruali, dai kwa siku, kwa sababu "utaona mwenyewe" ndiyo inayokula muda. Hayo maneno mawili akiyasema tena, yaandikwe. Mwambie: nikiona mwenyewe nikaamua, na wewe ukaukubali uamuzi wangu, basi kwenye kibao niandikwe kwa zaidi ya ushonaji, na kazi ikiuzwa nipate sehemu tutakayoitaja hapa. Sehemu gani, mtapatana wenyewe. Iwe ndogo ila iandikwe. Piga picha kila hatua kama ulivyofanya, hasa pale unapobadilisha kitu.

Kuna jambo moja mafundi hulisahau, nalo ni matengenezo. Juti haidumu. Mwanga unaikausha, unyevu unaiozesha, panya wanaitafuna, na kila ikikunjwa kusafirishwa inafumuka kwenye mikunjo. Baada ya maonyesho mawili matatu atahitaji mtu wa kuiziba, na fundi mwingine yeyote atakayeifungua itambidi kwanza akae chini aelewe ulivyounga, hasa pale ulipotumia mkono. Bei ya matengenezo iandikwe mbali na bei ya kushona, pamoja na nauli ya kwenda na kurudi na pa kulala. Wakiihamishia Dar es Salaam au Nairobi, gharama hiyo isiwe juu yako.